STAA KALALA BURE MJI MKONGWE, KAONDOKA NA HESHIMA YA BIBI WA WATU

Wiki nzima mitandaoni ni klipu moja tu. Bibi wa watu, kanga mbili, ushungi umemkaa vizuri, anatoka mlangoni kwake Mji Mkongwe, Unguja, anawaambia vijana wajisitiri. Juu ya sauti yake umewekwa muziki wa kuchekesha, chini yake maandishi ya njano: "Bibi kavurugwa". Watu wanacheka, wanashea, wanatumiana kwenye magrupu. Hakuna anayeuliza bibi mwenyewe alikuwa anasema nini.

Kwa waliochelewa, kisa ni hiki.

Mdada mmoja, staa mkubwa tu Bongo, sura yake inajulikana kuanzia kwenye filamu hadi kwenye matangazo ya mawigi, alivuka na boti kwenda Unguja na timu yake: mpiga picha, mtu wa mekapu, shoga yake wa kushika simu na bwana mmoja ambaye mpaka leo haijulikani ni meneja au ni nanihii. Wakafikia kwenye hoteli ndogo ya vyumba tisa, moja ya zile za kishua zilizofunguliwa ndani ya nyumba za kale. Mlango wa nakshi, kitanda cha samadari, chandarua cheupe, chai ya asubuhi juu ya paa. Usiku tatu, vyumba viwili. Bili: sifuri. Makubaliano yalikuwa staa aposti picha na video, hoteli ipate jina.

Asubuhi ya kwanza staa akamwaga povu. Eti hoteli ya laki tatu kwa usiku haina hata lifti. Eti ngazi zimemuua, chumba chembamba kama korido, bwawa la kuogelea hakuna, na adhana ya alfajiri imemkatisha usingizi. Wafuasi wake wakaivamia hoteli kwa matusi, na wengi wao hata Unguja kwenyewe hawajawahi kufika.

Mchana wake timu ikatoka kupiga picha. Hawakupiga mlangoni pa hoteli. Waliona mlango wa nyumba ya jirani ni mzuri zaidi, na una baraza ndefu. Staa akaiondoa kanga aliyojifunga, akabaki na nguo ya kuogelea, akajilaza kwenye baraza ya watu. Saa kumi kasoro, adhana ya alasiri imeshaita.

Hapo ndipo bibi akatoka. Ukiinua sauti ya simu na kuuvumilia ule muziki, utasikia kwamba maneno yake hayana hata tusi moja.

"Wanangu, hebu jisitirini kidogo, hapa watu wanapita kwenda kusali."

Shoga wa staa anajibu, simu iko juu usoni pa bibi: "Bibi, sisi wageni wa hoteli, tumeruhusiwa."

"Mmeruhusiwa na nani, mwanangu, na hapa ni kwangu?"

Klipu inakatwa hapo. Kinafuata kicheko.

Swali la bibi ndilo ambalo halijajibiwa mpaka leo. Timu ya staa haijalijibu, hoteli haijalijibu, na maelfu ya watu waliobonyeza kopa jekundu wamelipita kama hawakulisikia.

LIFTI IPITE WAPI?

Na tuanze... hapana, waanze wao, waliolalamika. Hivi hiyo lifti ilitakiwa ipite wapi?

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa karne ya 19. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba dirishani unaweza kukaa mtu mzima. Sakafu za juu na paa vimebebwa na boriti za mikoko, ile miti inayokatwa pwani. Sasa boriti ya mkoko ina urefu wake, na haiongezwi kwa kuomba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi vina upana wa kama mita tatu hivi, halafu vinakuwa virefu. Yule aliyeona chumba "chembamba kama korido" alikuwa amelala ndani ya kipimo cha mti. Fundi aliyejenga hakuwa bahili wa nafasi.

Ngazi zinapanda kwa mkazo kwa sababu kiwanja ni kidogo na nyumba ilibidi iende juu. Uwazi ulioachwa katikati ya nyumba unaleta hewa na mwanga, kwa kuwa zamani hizo hapakuwa na feni wala AC. Vichochoro vyembamba vinatia kivuli, watu watembee adhuhuri bila kuungua. Kila kitu ambacho staa alikitaja kama kasoro ndicho kilichofanya watu waishi pale kwa raha kabla umeme haujafika.

Na ukitaka kutoboa sakafu tatu ili upitishe lifti, kwanza unakata boriti zinazoshikilia nyumba, pili unatakiwa upite kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe, maana mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Mwenye nyumba hawezi kuamka tu na sululu.

Jumba linalosimuliwa sana kwa lifti mji ule ni Beit el Ajaib, lile la pale mbele ya Forodhani, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sultani alikuwa na uwezo wake. Na hata hilo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu yake iliporomoka wakati mafundi wakiwa kwenye kazi ya kulikarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba la Sultani, lenye jina dunia nzima, liliporomoka. Nyumba ya mtaani yenye vyumba tisa itasimama kwa nini?

LAIKI HAZINUNUI CHOKAA

Hapo ndipo suala la kulala bure linapouma.

Nyumba ya matumbawe na chokaa ni kama mgonjwa wa sukari: haisubiri upate nafasi. Paa likivuja msimu mmoja wa masika ukaacha, maji yanaingia ukutani, chokaa inalegea, kichwa cha boriti kinaoza ndani ya ukuta ambako huoni. Siku unayoona ufa, tatizo lina miaka. Na ukikimbilia saruji kwa sababu ni rahisi, umeharibu zaidi, kwa vile saruji inafungia unyevu ndani na ukuta wa zamani unahitaji kupumua. Inatakiwa chokaa, inatakiwa boriti mpya, inatakiwa fundi anayejua kazi, na fundi huyo hapatikani kwa mkopo.

Sasa piga hesabu ya kitoto. Vyumba viwili, usiku tatu, laki tatu kila kimoja. Ni milioni moja na laki nane. Kwa hoteli kubwa ya ufukweni yenye mamia ya vyumba hiyo ni hela ya maua ya mapokezi. Kwa nyumba ya vyumba tisa ni mshahara wa dada wa usafi, wa kijana wa mapokezi, na hela ya kuziba paa kabla ya masika.

Staa alilala, alikula, alioga maji yaliyopandishwa ghorofa ya tatu kwa pampu, mabegi yake sita yalibebwa mabegani kutoka pale gari linapoishia, maana kichochoroni gari haliingii. Malipo yake yalikuwa nini? Video ya kuitukana nyumba. Yaani hoteli imetoa milioni moja na laki nane ili itukanwe mbele ya watu laki tisa.

Watetezi wake wanasema kuwa huo ni uhuru wa maoni, na staa hakutakiwa asifie uongo. Sawa kabisa! Mgeni aliyelipa ana haki ya kusema shuka ilikuwa chafu, maji yalikuwa baridi, chai ilichelewa. Hata aliyelala bure ana haki hiyo. Hoteli ndogo zina madhambi yake, na mteja kunyamaza hakumsaidii mtu. Ila kulalamika kwamba nyumba ya miaka zaidi ya mia moja haifanani na apatimenti ya Masaki hakuhesabiki kama maoni. Hiyo ni kwenda Forodhani usiku ukalalamika kuna samaki. Na adhana? Zanzibar? Kwenye mji wenye misikiti kila unapokata kona? Kama mtu anataka ukimya, lifti na bwawa, Nungwi na Kendwa ziko palepale, hoteli zimejaa, aende akalipe.

BARAZA SI STUDIO

Lakini hayo ya hoteli ni madeni ya kibiashara, watamalizana. Deni la bibi ni zito zaidi.

Baraza ya nyumba ya Mji Mkongwe ni ile benchi ya mawe iliyojengwa pamoja na ukuta, nje ya mlango. Asiyejua anaiona kama kiti cha barabarani. Mwenyeji anaijua kama nusu ya nyumba yake. Pale wazee wanacheza bao, pale kahawa tungu inanyweka na kashata jioni, pale mgeni mwanamume anakaa akisubiri kama hakuna ruhusa ya kuingia ndani, pale jirani anapumzisha kikapu akitoka Darajani. Mvua kubwa ikijaza kichochoro, watu wanapita juu ya baraza wasilowe. Yaani baraza inatumiwa na wote, lakini ina mwenyewe, na mwenyewe anaheshimiwa. Unaketi, unasalimia, unajisitiri. Hakuna karatasi ya kusaini kwa kuwa kila mtu kafundishwa nyumbani.

Sasa mtu anakuja na taa yake ya mduara, anavua, analala juu ya sehemu ambayo marehemu mume wa mtu pengine alikuwa anakaa kila jioni. Mwenyewe akitoka kusema neno la upole, anageuzwa katuni.

Jiulize jambo moja. Huyu staa si mtoto wa kifalme. Mwenyewe husema kila akihojiwa kwamba kakulia uswahilini, mama yake alikuwa anauza vitumbua kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga. Chukulia siku moja mama huyo anageuza vitumbua vyake, linakuja kundi kutoka hotelini, mmoja anavua nguo na kujilaza pembeni ya karai. Mama anasema, "Wanangu, jisitirini." Wanamrekodi, wanamwekea muziki, nchi nzima inamcheka. Staa angeposti nini siku hiyo? Angeita "content"? Angelia laivu mpaka kope bandia zing'oke.

Ndiyo hivyo. Bibi wa Unguja naye ni mama wa mtu. Tofauti ni kwamba yeye hana akaunti ya kujibia. Watu milioni wamemwona, yeye hawezi kuwaona. Wajukuu zake ndio walioletewa klipu shuleni na wenzao. Na bibi, kwa mujibu wa majirani, siku hizi jioni mlango wake umefungwa. Haketi tena barazani. Mtu kakaa kwenye baraza ile tangu anaolewa, leo ameondolewa na watu waliokaa mtaani usiku tatu.

"MBONA WAZUNGU WANAVAA HIVYO?"

Hii ndiyo hoja iliyopigiwa makofi kuliko zote. Mbona wazungu wanakatiza Mji Mkongwe na vikaptura, bibi hasemi? Ni wivu wa Mswahili kwa Mswahili mwenzie!

Kwanza si kweli kwamba hawaambiwi. Hoteli nyingi za mji ule huwaomba wageni wao wafunike mabega na magoti wakitoka nje, na waongoza watalii husema hivyohivyo kila siku. Wapo wanaosikia, wapo wasiosikia, na wasiosikia wanakosea vilevile.

Pili, na hili liume kidogo: mtalii aliyetoka Poland jana ana kisingizio cha ugeni. Mtu aliyezaliwa Temeke, anayejua maana ya "shikamoo", anayejua kwa nini mwanamke anajifunga kanga akipita mbele ya wazee, anakichukua wapi kisingizio hicho? Bibi alimwita "mwanangu". Mzungu angeitwa hivyo? Bibi alizungumza naye kama mtoto wa nyumbani, kwa sababu alimwona mtoto wa nyumbani. Aliyejifanya mtalii ni staa.

Tatu, suala halijawahi kuwa nguo peke yake. Hata angevaa buibui, bado asingekuwa na haki ya kumrekodi mzee wa watu mlangoni kwake na kumuuza kwa kicheko. Wanaong'ang'ania nguo wanaukimbia ukweli huo.

HOTELI NAYO ISIJIFICHE NYUMA YA BIBI

Ukweli usemwe wote. Mwenye hoteli naye ana la kujibu.

Ukurasa wa hoteli hiyo, kabla staa hajafika, ulikuwa umejaa picha za kichochoro kile: milango ya majirani, baraza za majirani, watoto wa madrasa wakipita, wazee wakicheza bao. Chini yake imeandikwa kwamba mgeni ataishi "maisha halisi ya Mji Mkongwe". Maisha halisi ya nani? Majirani waliulizwa? Walipata hata boksi la tende Ramadhani? Ukiuza mtaa kama sehemu ya chumba, usishangae mgeni akidhani ameulipia mtaa. Shoga wa staa aliposema "tumeruhusiwa" pengine hakuwa anadanganya. Pengine kuna mtu pale mapokezi alimwambia, "Pigeni tu popote, hakuna shida."

Na kama tangazo linasema "anasa" bila kusema "ngazi ni ndefu, msikiti uko jirani, gari linaishia barabara kubwa", basi hoteli imejitafutia povu yenyewe. Sema ukweli mapema. Anayependa nyumba za kale atakuja kwa sababu hizohizo, na asiyependa ataenda zake ufukweni kwa amani.

Kuna jingine zito. Kila nyumba ya Mji Mkongwe inayogeuka hoteli ni familia fulani iliyohama, kwa kuuza, kwa kupandishiwa kodi au kwa kuchoka na paa. Hela ya wageni imeokoa kuta nyingi zisianguke, hilo halibishiwi. Ila kuta zikibaki na watu wakaondoka, wageni watakuja kuangalia nini? Milango? Bibi yule na wenzake ndio wanaoufanya mji uitwe mji. Wakifunga milango kwa kuogopa kamera, hoteli itabaki na chumba chembamba na ngazi ndefu, na hapo malalamiko ya staa yatakuwa ya kweli.

KILICHOBAKI

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni kaja, mwenyeji kaumia, na mgeni kaondoka na faida, kwani klipu imemwongezea wafuasi.

Staa ametoa "tamko" juzi. Mistari mitatu, kopa jeupe, "nawapenda wote, tusonge mbele". Neno bibi halimo. Neno samahani halimo. Klipu bado iko kwenye ukurasa wa shoga yake, inaendelea kuhesabu watazamaji.

Kinachotakiwa hakihitaji hata mwanasheria. Klipu ifutwe, na mwenye ukurasa aseme kwa nini ameifuta, ili waliosambaza nao wafute. Milioni moja na laki nane ilipwe, ikanunue chokaa. Mwenye hoteli aende nyumba ya pili, si kwa simu, kwa miguu yake, ni hatua kumi tu. Na staa apande boti kama alivyopanda mwanzo, safari hii bila mpiga picha, ajifunge kanga yake vizuri, afike kwenye ule mlango alioupenda sana, asiguse baraza, apige hodi.

Bibi atafungua, na kwa malezi ya watu wa mji ule, kitu cha kwanza atakachosema ni "karibu, mwanangu".

Wadau, mnasemaje? Staa arudi kuomba radhi, au bibi ndiye "kavurugwa" kweli? Na wewe uliyeishea ile klipu, umeshaifuta?